Nani anamwamsha mwamshaji? Historia ya butiloda, kutoka Mlimani mpaka Makote

Nimekuwa kimya wiki mbili hapa kijiweni, si unajua tena mambo ya testi na asaimenti. Leo nimerudi na historia. Msikimbie, si historia ya akina Vasco da Gama. Ni historia ya kile kitu kinachotokea pale unapobonyeza kitufe cha kompyuta mpaka unapoona picha ya kwanza kwenye kioo. Wengi wetu muda huo tunautumia kupiga miayo.

Swali ni hili. Kompyuta iliyozimwa haijui kitu. Kumbukumbu yake ya kazi ni tupu. Windows au Linux yako imelala kwenye diski, na ili isomwe kutoka kwenye diski inahitajika programu ya kuisoma. Sasa hiyo programu ya kusomea nayo iko wapi? Kwenye diski hiyo hiyo. Mnaona kizungumkuti? Kwetu kusini na pwani yote, mwezi wa Ramadhani kuna vijana wanaopita na ngoma usiku kuamsha watu kula daku. Nilipokuwa mdogo nilikuwa najiuliza, hawa nao wanaamshwa na nani? Basi bwana, wataalamu wa kompyuta wamehangaika na swali hilo hilo tangu miaka ya 1950, na jibu lao ndilo linaloitwa butiloda. Neno lenyewe limetoka kwenye usemi wa Kizungu wa mtu kujinyanyua kutoka ardhini kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Jambo lisilowezekana, lakini mashine inalifanya kila asubuhi.

Zamani mwamshaji alikuwa mtu. IBM 701 ya mwaka 1952 ilikuwa na kitufe maalumu ambacho ukikibonyeza mashine inavuta maelekezo machache ya kwanza kutoka kwenye kadi au tepu, na hayo machache yanavuta mengine. Hiyo ilikuwa anasa. Hata mwaka 1975, ilipotoka Altair 8800 kwa ajili ya watu wa kawaida, mwenye mashine alikuwa anakaa mbele ya safu ya swichi, anapandisha na kushusha, moja na sifuri, moja na sifuri, anaingiza butiloda kwa vidole. Ukizima umeme, unaanza upya. Fikiria umeme wetu ulivyo halafu uwe na kazi hiyo!

Hapa nyumbani kompyuta ya kwanza ilifika mwaka 1965, ICT 1500 ya Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri na hesabu za serikali, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Watu huwa wanacheka wakisikia hili, lakini mimi siwacheki wale wazee. Umenunua mashine ya fedha za kigeni, huna wataalamu wako wa kuisimamia, ikikorofisha unamtegemea mwenye kampuni. Shida ni kwamba miaka ile ile ya marufuku ndiyo dunia ilikuwa inahama kutoka mashine za ukubwa wa chumba kwenda mashine za mezani. Sera yetu ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003, wakati wa Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi. (Ndiyo, nimemtaja kwa sababu ni wa kwetu kusini. Blogu ni yangu.)

Turudi kwenye mwamshaji. IBM PC ilitoka Agosti 1981, na ndani yake waliweka BIOS, programu ndogo iliyochomwa moja kwa moja kwenye chipu, kwa hiyo haipotei umeme ukikatika. Huyu ndiye mpiga ngoma wa kwanza. Lakini BIOS haijui Windows wala Linux. Kazi yake ni kukagua vifaa, kisha kuchukua kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512 tu, kukiweka kwenye kumbukumbu na kukiambia: haya, sasa zamu yako. Mwaka 1983, DOS 2.0 ilipokuja na diski ngumu za PC XT, kipande hicho kikapata umbo ambalo liliishi miaka zaidi ya 30, yaani MBR.

Naomba tukae hapa kidogo maana hapa ndipo penye utamu. Katika zile baiti 512, baiti 2 za mwisho ni muhuri, 55 na AA kwa hesabu za msingi wa 16. BIOS isipouona muhuri huo inasema hakuna diski ya kuwashia. Baiti 64 ni ramani ya diski, nafasi ya sehemu nne, kila moja baiti 16. Zinabaki 446. Hizo 446 ndizo nyumba ya butiloda. Kwa hesabu ya herufi hazifiki meseji tatu za simu! Ndani ya meseji tatu hizo inabidi uandike programu ya kutafuta mfumo mzima wa kompyuta na kuuamsha. Haitoshi, kwa hiyo wajanja wakaigawa kazi. Kile cha baiti 446 kinajua jambo moja tu, wapi alipolala mwenzake mkubwa zaidi. Anamwamsha huyo, huyo anaamsha mfumo.

Na kwa kuwa kila anayewasha kompyuta lazima apite hapo, wahuni nao walipaona. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitengeneza Brain, kirusi kilichokaa kwenye sekta ya kwanza ya flopi. Mwaka 1987 kikaja Stoned kutoka New Zealand, hicho kikavamia mpaka MBR. Machi 1992 dunia nzima ilikuwa roho juu kwa ajili ya Michelangelo, kilichotegwa kufuta data tarehe 6 Machi. Anayeshika mlango wa kwanza anashika nyumba. Likumbukeni hilo, tutalihitaji mbele.

Linux ilipozaliwa mwaka 1991 ilikuta nyumba ina mwenyewe. Watu walikuwa na DOS, hawakutaka kuifuta, walitaka mifumo miwili kwenye mashine moja. Werner Almesberger akatengeneza LILO mwaka 1992. LILO ilikuwa kama mlinzi mzee asiyejua kusoma, ila ana kumbukumbu kali. Haikuelewa mafaili wala makabrasha. Ilikariri tu namba za mahali kwenye diski: nenda hapa, chukua, nenda pale, chukua. Ukibadilisha kernel, ukasahau kuendesha tena amri ya lilo, mlinzi anakwenda mahali palepale pa zamani, anakuta hakuna mtu, mnabaki mnatazamana. Kilichonifurahisha ni kwamba herufi nne za jina lake zilikuwa ripoti ya ugonjwa. Kila hatua ikifanikiwa inachapa herufi moja. Ukiona L peke yake, wa kwanza ameamka ila ameshindwa kumpata wa pili. Ukiona LI, wa pili amepatikana lakini hakuweza kuanza kazi. Zikitoka zote nne, LILO, kunywa chai. Ukiwakuta mafundi wa zamani wa Linux waambie tu "LI" uone watakavyoguna.

Mlinzi wa pili alikuwa msomi. Mwaka 1995 Erich Boleyn alikuwa anajaribu kuamsha mfumo wa GNU Hurd, akachoka na viraka, akaandika GRUB. Tofauti yake kubwa ni kwamba GRUB inaelewa mifumo ya mafaili. Haikariri namba, inaingia kwenye diski na kulitafuta faili kwa jina lake. Hata ukikosea jambo kwenye mpangilio, inakupa sehemu ya kuandika amri ujiokoe hapo hapo. Mwaka 1999 ikaingia rasmi kwenye familia ya GNU mikononi mwa Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji. Okuji baadaye akaanza kuiandika upya, na hiyo ndiyo GRUB 2 tunayoitumia leo. Ubuntu waliifanya ya kawaida Oktoba 2009, toleo lenyewe la 2.00 likatoka mwaka 2012. LILO ilifungwa Desemba 2015, na msiba haukutangazwa redioni.

Nimetaja Ubuntu. Ilianza Oktoba 2004, na kwa miaka kadhaa mpaka 2011 walikuwa wanatuma sidii bure kwa posta popote duniani. Unajaza fomu, unasubiri, siku moja sanduku la posta lina bahasha. Kwa nchi ambayo kushusha megabaiti 700 kwenye intaneti kafe kulikuwa kunakula hela ya wiki nzima, hiyo haikuwa zawadi ndogo. Na jina lake hatuhitaji kutafsiriwa, ubuntu na utu ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2004 huo huo, hapa hapa Mlimani, mradi wa Kilinux uliowashirikisha watu wa idara ya kompyuta na wenzao wa Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nao wakaleta Kiswahili chao miaka hiyo hiyo. Lakini angalieni, tafsiri zilianzia ndani, kwenye barua na majedwali. Mlangoni, pale kwenye kioo cheusi cha butiloda, mashine zote nilizowahi kuziona zinaongea Kiingereza. Mwalimu wa Newala anapata Kiswahili akishaingia ndani. Akikwama mlangoni, yuko peke yake.

Na hapo ndipo mjomba anaingia.

Mjomba wangu anafundisha sekondari moja huko kwetu Newala, nyumbani kwake ni Makote. Kwa wasiojua, Newala iko juu kabisa ya uwanda wa Makonde, ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako. Maji yetu yanasukumwa kutoka bondeni kupandishwa juu, kwa hiyo watu wa kwetu tunaelewa vizuri habari ya pampu kuhitaji maji kidogo ndipo itoe maji mengi. Shule ina kompyuta chache za msaada, za zamani, zenye BIOS. Moja iko ofisini ina mifumo miwili, Windows na Ubuntu. Alama zote za mitihani ya ndani, miaka kadhaa, ziko upande wa Ubuntu. Nakala? Si mnajua maofisi yetu.

Windows ikaanza kusumbua. Akaitwa fundi, sitamtaja wala sitataja alikotoka, akapiga Windows upya, akalipwa, akaondoka. Kesho yake menyu ya kuchagua mfumo haipo. Mashine inaingia Windows moja kwa moja. Fundi alipopigiwa akasema ile Linux imefutika, dawa ni kufomati diski yote ili "itulie".

Simu ikaita jioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Sasa sikiliza, alama za fomu foo zimekufa. Kesho kutwa mkuu anazitaka. Huyu bwana anasema nimruhusu afomati."

"Mjomba, usimruhusu mtu kugusa hiyo mashine. Windows inaonyesha diski ina ukubwa gani?"

Akanisomea. Diski ni ya GB 160, Windows inaiona kama 80. Nikapumua. Zile nyingine 80 zipo, Windows haizisomi tu. Na hapa historia yote niliyowaandikia juu ikawa na kazi. Windows inapopigwa kwenye mashine ya aina hiyo, inaandika butiloda yake kwenye zile baiti 446 bila kumuuliza mtu. Ndiyo maana tangu zamani wakongwe wanasema piga Windows kwanza, Linux baadaye. Kilichofutika ni mpiga ngoma. Waliolala ndani wako hai, hakuna wa kuwaamsha tu. Ukifomati ndipo unawaua kweli.

Dawa ilikuwa flashi yenye Ubuntu ya kuendeshea bila kupiga, alikuwa nayo mwalimu mwenzake. Wakawasha kwa flashi, wakafungua sehemu ya kuandika amri, nami nikawa nasoma kwa simu. Wadau, kumsomea mtu amri za Linux kwa simu ni mtihani kuliko UE. "Andika maunti, m-o-u-n-t, nafasi, mkwaju, dev, mkwaju, s ya sufuria, d ya dada, a ya Asha, namba tano..." "Mkwaju upi, huu unaolalia kulia au kushoto?" Sehemu yao ilikuwa sda5 na tukaipandisha kwenye /mnt. Kabla ya yote nikamwambia aangalie kabrasha la alama. Kimya. Kisha nikasikia anamwambia mwenzake, "Zipo. Zote zipo." Nikamwambia anakili kwenye flashi nyingine sasa hivi, kabla hatujaendelea. Umeme wa kwetu hauna adabu.

Halafu amri moja: sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda. Angalieni mwisho wake, sda bila namba. Ukiweka namba unamaanisha sehemu moja ya diski, na tunachotaka ni ile sekta ya kwanza ya diski nzima. Watu wengi wanateleza hapo. Wakazima, wakachomoa flashi, wakawasha. Menyu ikarudi. Wakaingia Ubuntu, wakaendesha sudo update-grub ili iitafute hiyo Windows mpya na kuiandika kwenye orodha. (Kwenye matoleo mapya, kuanzia GRUB 2.06 ya mwaka 2021, utafutaji huo umezimwa kwa usalama. Unafungua /etc/default/grub, unaandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, ndipo unaendesha update-grub.) Kazi nzima ilikula saa moja na nusu, na sehemu kubwa ilikuwa mkwaju.

Sitaki kumlaumu sana yule fundi. Amefundishwa hivyo, na wengi mitaani wamefundishwa hivyo, kwamba kisichoonekana kwenye Windows hakipo. Ila hesabu ya kosa hilo haimwangukii yeye. Inamwangukia mtoto wa Makote ambaye alama zake za miaka mitatu zimo kwenye zile GB 80 "zisizokuwepo".

Sasa, hadithi ya MBR inaishia wapi? Ramani yake haikuweza kuhesabu diski zaidi ya terabaiti 2 hivi, na Intel walikuwa wameshachoka na BIOS tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walipokuwa wanatengeneza mashine za Itanium. Wakaleta EFI, mwaka 2005 ikaundwa jumuiya ya makampuni ya kuisimamia, ikawa UEFI. Mpiga ngoma mpya anajua kusoma. Diski ina sehemu ndogo maalumu ya FAT, ndani yake kila mfumo una kabrasha lake: Windows lake, Ubuntu lake. Hawapigani tena kwenye baiti 446. Ukipiga Windows juu ya Ubuntu kwenye mashine mpya, mara nyingi kilichobadilika ni mpangilio tu wa nani aanze, unaingia kwenye menyu ya UEFI na kumrudisha GRUB juu.

Lakini likaja jambo lingine. Mwaka 2012, na Windows 8, ikaja Secure Boot. Mashine inakubali kuamshwa na programu iliyotiwa saini tu. Sababu ni ya kweli, kumbukeni Stoned na Michelangelo. Swali ni saini ya nani? Kwenye laptop nyingi za kawaida, funguo zilizowekwa kiwandani ni za Microsoft, kwa hiyo hata Ubuntu inapita mlangoni kwa programu ndogo iitwayo shim ambayo Microsoft wameitia saini. Mgeni anaingia kwa barua ya jirani. Mwaka 2020 GRUB yenyewe ilikutwa na tundu kubwa, wakaliita BootHole, ikabidi saini za zamani zifutwe. Agosti 2024 sasisho la Windows lililokusudiwa kuzuia butiloda za zamani zenye matundu lilizuia pia Linux za watu wenye mifumo miwili. Microsoft walikuwa wamesema mashine za namna hiyo hazitaguswa. Ziliguswa, na marekebisho kamili yalikuja Mei 2025. Tena vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vinavyobeba mfumo huu wote vilipangiwa kuanza kuisha muda Juni 2026, kwa hiyo mwenye laptop asiyeisasisha kwa kubania bando ajue hilo.

Ongezeni kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai rasmi TPM 2.0 na mashine yenye uwezo wa Secure Boot. Kompyuta za msaada za aina ile ya shule ya mjomba hazina. Kwa hiyo maofisi na mashule mengi ya huko kwetu, Masasi, Tandahimba, Newala, yatabaki na mashine ambazo njia yake ya mbele ni Linux, na zitapita mikononi mwa mafundi wale wale.

Wale mnaotaka kuweka mifumo miwili kwenye laptop zenu likizo hii: nakala ya mafaili kwanza, kwenye diski nyingine kabisa, si kabrasha jingine. Punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Na kama ina BitLocker, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 uuandike kwenye daftari kabla hujagusa chochote, maana ukibadilisha mlango, Windows inaweza kukuuliza wewe ni nani. Anayekwama anitafute kafeteria baada ya saa kumi, ila aje na flashi yake.